Utafiti wa Shangazi Dafroza juu ya Upendo

Mwaka ule wa 1993 nyumba yetu ya Remera ilinuka chaki na mafuta ya taa. Shangazi yangu Dafroza, aliyenilea, alifundisha biolojia, na kila alasiri alirudi na vumbi la ubao kwenye mikunjo ya kitenge chake. Watu waliokimbia vita vya kaskazini walikuwa wamejaa pembezoni mwa Kigali chini ya maturubai, na baadhi ya majirani waliwapelekea maharage ilhali wao wenyewe walikula mara moja kwa siku. Jambo hilo lilimsumbua shangazi. Vitabu vyake vilisema kila kiumbe hupigania uhai wake. Misa ilimwambia ampende mgeni. Alitaka kujua mambo hayo mawili hukutana wapi ndani ya mtu. Basi akanunua daftari, akawa anapita nyumba kwa nyumba, mimi wa miaka tisa nimemshika mkono, akiuliza: kwa nini uliwasaidia, ulijisikiaje, ulisali kabla au baada?

Wengi walijibu vizuri sana. Katekista wa mtaa wetu alieleza habari za msalaba hadi chai ikapoa. Kisha tukafika kwa Mama Makaa. Alikuwa mwanamke mgomvi aliyeuza makaa Gisimenti, aliyekulia Bujumbura na kumsemesha kila mtu Kiswahili chake. "Mwarimu," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye beseni, "mimi iko na nguo za kufua." Shangazi aliandika jina lake, akaacha mstari mtupu.

Aprili iliyofuata mauaji ya sisi Watutsi yalianza. Asubuhi moja shangazi alitoka kutafuta maji, hakurudi. Wanaume walipofika mtaani kwetu wakivunja milango, nilikimbilia kwa katekista. Niliona pazia likisogea, mlango haukufunguka. Simlaumu tena, nimechoka kumlaumu. Nilikwenda nyumba iliyofuata. Mama Makaa alinitazama, akanivuta kwa ukosi wa gauni, akanipaka vumbi la makaa usoni na kuniketisha kati ya magunia. Walipoingia na mapanga alisimama mbele ya magunia.

"Huyu mutoto ni yangu," alisema. "Kama munataka kuua, muanze na mimi. Nimechoka."

Walichukua redio, wakaondoka. Walirudi mara mbili. Majuma yote yale alinifokea kwa kukohoa, kwa kula polepole, kwa kulia. Sikusikia kwake neno moja la upole, wala sikumwona akisali.

Mauaji yalipokwisha nilimuuliza, kama shangazi angeuliza, kwa nini. "Ulikuwa umesimama pale," akasema.

Siku hizi vijana wa chuo kikuu huniletea fomu ili nipime upendo kwa namba. Wana adabu, nami huwajibu. Wanajua mengi kuliko shangazi. Wanasema hata ubongo hubadilika mtu anapotenda wema, na ninawaamini. Wakishaondoka mimi hupanda pikipiki hadi Rebero, ambako Mama Makaa, asiyeona wala kutembea sasa, husubiri nimwogeshe. Hunifokea kwamba maji ni baridi. Mgongo unaniuma. Kuna siku hukaa ukingoni mwa kitanda changu nikitafuta kisingizio cha kutokwenda, na hukipata, kizuri kabisa. Kisha navaa viatu.