Niliapa kwa niaba ya simu

Assalam alaykum. Admin, jina langu lifiche na mtaa wetu usiutaje, maana Mji Mkongwe tunajuana hata kwa kikohozi. Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha nne na nasubiri matokeo. Si msemaji mbele za watu. Hata hapa nimeandika na kufuta mara nyingi.

Jirani yetu, nitamwita Bi Zuwena, ni somo. Ndiye anayewafunda mabibi harusi wa mtaani, na yanayosemwa chumbani kwake hayatoki nje. Mwaka jana bibi harusi wake mmoja aliolewa na mtu wa Maskati. Mume alitakiwa kazini haraka, wakaondoka kabla ya siku saba za fungate kutimia. Bi Zuwena aliona vibaya kumwacha njiani. Macho yake hayaoni vizuri, basi akaniita mimi, kwa sababu nina simu na sina maneno. Yeye anasema, mimi narekodi na kutuma. Yale ya chumbani huniambia nibonyeze kisha nitoke niende ukumbini. Bibi harusi anaishi na wakwe, hawezi kusema kwa sauti, kwa hiyo hujibu kwa kuandika, nami humsomea Bi Zuwena sikioni.

Siku ya kwanza aliweka Msahafu mapajani akataka niape kwamba sitasema. Mdomo wangu tu ndio alioutaka. Lakini mimi nilikuwa nimeona kwenye simu kwamba ujumbe umefungwa na hata wenye mtandao hawawezi kuusoma, na niliona fahari kumfahamisha mtu mzima jambo asilolijua. Nikaongeza mwenyewe: "Wallahi, Bibi, maneno haya hayatajulikana na mtu mwengine, leo wala milele." Akanibusu kwenye paji.

Kwa kukiamini kiapo kile, akamwambia bibi harusi afungue moyo. Mwezi wa tatu wa ndoa yake, bibi harusi akaandika jambo ambalo sitaliandika hapa. Mwenyewe alisema mumewe akilijua atamwacha siku hiyo hiyo, na mtoto aliye tumboni watamchukua wakwe.

Wiki iliyopita alikuja binamu yangu Nassir, anayesoma fizikia China. Baada ya chakula cha mchana alikuwa akimweleza baba kuhusu kompyuta za kwantamu, mashine mpya za kupiga hesabu zinazozishinda kompyuta za sasa. Alisema China, Marekani na Ulaya wanashindana nani atazitengeneza kwanza, na hawaaminiani hata kidogo. Mwenzake wa darasani, mtu wa Dar, amenyimwa viza na nchi nyengine kwa fani hiyo hiyo. Kompyuta hizo zikikamilika, alisema, zitafungua kufuli nyingi zinazolinda mabenki, majeshi na simu zetu. Na inaaminika wapo wanaokusanya ujumbe uliofungwa tangu sasa, wanauweka, wanangoja.

Baba akauliza sisi tuko upande gani. Nassir akacheka. "Sisi, ami, hatumo. Maneno yetu ndiyo yamo."

Nilikuwa naondoa sahani. Nikajikuta nauliza kama hata sauti zinazotumwa kwa simu zimo.

"Umemtumia nani sauti, wewe bubu?" akanitania, na wote wakacheka. Alipoona sicheki akaacha mzaha. Akasema hakuna ajuaye itakuwa lini, pengine miaka kumi, pengine zaidi, pengine isiwe. Kufuli mpya zimeanza kuwekwa, lakini kama kuna aliyeuchukua ujumbe uliokwisha kutumwa kwa kufuli ya zamani, kufuli mpya haitausaidia. Nikamuuliza nikifuta je. Akasema nitafuta kwenye simu yangu tu.

Tangu siku hiyo nabishana na nafsi yangu. Najiambia hakuna taifa lenye haja na siri ya mwanamke wa Unguja. Kisha nakumbuka Nassir alivyosema: hawachagui, wanabeba vyote, watachagua wakishafungua. Miaka kumi ijayo mtoto yule atakuwa anajua kusoma. Na mimi niliapa milele, kwa jina la Mungu, juu ya kitu nisichokijua.

Sasa jana Bi Zuwena ameniita tena. Kuna bibi harusi mwengine amekwenda Uingereza, na kesho baada ya Alasiri nitaanza kurekodi. Kasema Msahafu uko tayari, niape kama nilivyoapa mwanzo, kwa maneno yale yale, yalimpendeza.

Safari hii nitakuwa naapa huku najua. Nikikataa ataniuliza sababu, na nikimwambia, lazima amwambie yule bibi harusi aliyeko Maskati. Ana mimba ya miezi saba. Hivi sasa anaamini siri yake iko kwetu watatu, na mimi ndiye nitakayemwondolea usingizi kwa jambo ambalo pengine halitatokea kamwe.

Mlio na elimu ya dini, na mlio na elimu ya mashine hizi, nawaombeni mnijibu kabla ya Alasiri ya kesho. Niwaambie, au hofu hii niibebe peke yangu?