Damu Iliyobebwa Kama Maziwa

Pascaline alipofika Mbarara, hakuna aliyemwita mtaalamu. Alikuwa na cheti cha maabara kutoka Bukavu, kimeandikwa kwa Kifaransa na kukunjwa mara nne. Kilikuwa kimevuka vita vya 1996, kikavuka Ziwa Tanganyika, kikakaa miaka kwenye kambi ya Kigoma na hatimaye kikafika naye Nakivale, kambi ya wakimbizi kusini mwa Mbarara. Katika kila ofisi alipokitoa walikitazama kwa adabu, kama mtu anavyotazama picha ya harusi ya watu asiowajua, kisha wakamrudishia. Basi akaanza kwa kuosha vioo vya kupimia katika maabara moja ya mjini. Maabara ilikuwa vyumba vitatu juu ya duka la mabati, mali ya Haji Wahabu, mzaliwa wa Mbarara, mtu wa ndevu fupi na maneno mafupi.

Kilichomtoa kwenye beseni ni mashine iliyoletwa mwaka 2006 na mradi mmoja wa Ukimwi. Kazi ya mashine hiyo ni kupanga seli za damu kwa makundi. Damu huchanganywa na dawa za rangi zinazong'ang'ania seli za aina fulani tu, kisha seli hupitishwa moja moja mbele ya mwale mwembamba wa leza, kama ng'ombe wanaoingia kwenye josho. Kila seli ikipita, nukta moja hutokea kwenye skrini, na mahali inapokaa hutegemea ukubwa wa seli, chembechembe zilizo ndani yake na rangi iliyobeba. Zikishapita elfu kadhaa, nukta hufanya mawingu. Wingu moja ni la limfosaiti, seli za ulinzi. Jirani yake ni monosaiti, zenye maumbo makubwa zaidi. Mpimaji huchora uzio kuzunguka wingu la limfosaiti, na ndani ya uzio huo ndimo zinamohesabiwa seli za CD4, zile ambazo virusi huzimaliza.

Haji alikuwa akiuacha uzio uchorwe na mashine yenyewe. Siku moja Pascaline, kitambaa mkononi, alisimama nyuma yake akasema kwamba uzio ule umekamata wageni. Haji aligeuka. Kisha akavuta kiti cha pili.

Ninayoyasimulia yalitokea Juni 2008. Wakati huo mpaka wa kuanza dawa ulikuwa mia mbili hamsini. Mwenye CD4 chini ya hapo aliandikiwa dawa. Aliyezidi, kama hakuonekana mgonjwa sana, aliambiwa arudi baada ya miezi sita. Jumatano ile zilikuja chupa kumi na nane za damu kutoka Nakivale, zimeletwa na Kizito kwa pikipiki. Kizito alikuwa mtu mzima wa Endiinzi, mtoto wa wafugaji, aliyebeba maziwa miaka kumi na moja kwenda kituo cha Bwizibwera kabla ya kupata kazi hii. Alikuwa mchapakazi, na hakuwa na siri hata moja. Chupa zilikuwa na namba tu, bila majina, lakini alipokuwa akizipanga mezani aliigonga ya kumi na nne kwa ukucha akasema hiyo ni ya yule mama wa mandazi anayeimba sauti ya pili kanisani.

Pascaline alimjua mama huyo. Ni Viviane. Ndiye aliyempokea Bienvenu, mwana wa Pascaline, siku alipozaliwa Nakivale chini ya turubai, mvua ikinyesha, bila mkunga. Tangu Pasaka Viviane alikuwa akipungua, na gauni la kwaya lilikuwa limeanza kumning'inia mabegani.

Namba kumi na nne ikatoka mia mbili sitini na nne.

Pascaline aliinama karibu na skrini. Mawingu mawili yalikuwa yamegusana, mpaka kati yake umefifia, na uzio wa mashine ulikuwa umemeza ukingo wa monosaiti. Nazo monosaiti hubeba alama ya CD4, ingawa hafifu. Akiusogeza uzio kidogo kushoto, seli hizo zingetoka na hesabu ingeshuka. Akausogeza, ajaribu tu. Mia mbili arobaini na tatu. Viviane angeanza dawa wiki ileile.

Aliniambia baadaye kwamba hakuiandika namba hiyo papo hapo. Alichokiona kwenye skrini kilikuwa cha kweli. Ila angekitafuta kama chupa ingekuwa ya mtu mwingine?

Ndipo akafanya jambo ambalo hakutaka kulifanya: akafungua picha za chupa nyingine kumi na saba. Zote zilikuwa vilevile. Mawingu yamevimba, yameshikana, na chini kabisa kumejaa takataka za seli zilizopasuka. Akamwita Kizito, akamuuliza amezibebaje.

"Na barafu, musawo," Kizito akasema, akitabasamu. Kila mtu wa hospitali alimwita musawo, daktari. "Mfuko mbili chini, moja juu. Hakuna hata chupa moja imepata joto."

"Nani alikuambia uweke barafu?"

"Nani ataniambia? Kitu inatoka ndani ya mwili, kama hakuna baridi, inaharibika. Pale Bwizibwera, maziwa ikifika na joto wanamwaga mbele yako, watu wote wanaangalia. Mimi hawajanimwagia hata siku moja."

Miezi yote ya nyuma alizibeba bila barafu, moyo ukimuuma njia nzima. Wiki hiyo alikuwa amepata barafu kwa wauza samaki wa ziwani, akaona sasa anaifanya kazi kama inavyotakiwa. Pascaline akamweleza taratibu kwamba damu ya kipimo hiki husafiri na joto la kawaida la chumba. Ikiguswa na barafu, seli huvurugika. Tabasamu la Kizito likazimika. Akauliza kama amewaua.

"Hapana, ndugu. Ila hatujui wako wazima kiasi gani."

Haji Wahabu alizisikiliza habari hizo bila kuketi. Dawa za rangi zilikuwa zimebaki chache na nyingine zingekuja mwezi ujao. Watu wale walikuwa wametembea saa mbili, tatu, kufika zahanati. Akauliza kwa nini Pascaline asizichore upya nyuzio zote, maana jicho analo. Pascaline akajibu kwamba jicho haliwezi kurudisha seli zilizokwisha kupasuka.

Haji akauliza: "Na kumi na nne ni nani wako?"

Kumbe alikuwa amemwona akiusogeza uzio.

"Ni dada yangu," Pascaline akasema. "Si wa tumbo moja. Ndiyo maana, Haji, sitaki kumgusa peke yake."

Haji akachukua daftari, akapiga mstari juu ya matokeo yote kumi na nane, akatia sahihi, na dawa zilizobaki zikatengwa kwa kipimo cha marudio.

Ijumaa Pascaline alipanda nyuma ya pikipiki ya Kizito kwenda kuwaambia watu mwenyewe. Haikuwa rahisi. Kambini watu wengi waliamini kwamba damu ikienda mjini huuzwa, na sasa huyu hapa anaomba nyingine. Viviane alikuwa wa kwanza kwenye benchi, mikono ameikunja kifuani.

"Mama Bienvenu, damu yangu mulitupa wapi, fasi gani? Batu banasema munauzisha."

"Tuliiharibu. Kosa ni letu."

"Mingi hivyo, yote munaharibu?"

"Yote. Yako na ya wenzako."

Kizito, aliyekuwa amesimama mlangoni, akavua kofia na kusema kwamba mwenye kosa ni yeye, aliitia barafu kama maziwa. Viviane akamkagua toka viatu mpaka kichwa, akawauliza wenzake kama walijua kwamba wamekuwa ng'ombe wa Endiinzi. Benchi zima likacheka. Akakunjua mkono, akautoa. Wengine wakafuata.

Safari hii chupa zilikwenda Mbarara zimefungwa ndani ya kitenge cha Pascaline, na Kizito aliendesha polepole mpaka akapitwa na baiskeli. Viviane akatoka mia mbili ishirini na tisa. Mawingu yalikuwa yametengana vizuri, na Pascaline hakulazimika kuusogeza uzio hata kidogo.

Nilimuuliza, mwaka 2012, kama basi usumbufu ule wote haukuwa wa bure, maana hata kwa ile mia mbili arobaini na tatu Viviane angepata dawa. Tulikuwa soko la Isangano, Nakivale, na alikuwa akichagua nyanya kwa mwanamke kijana aliyeketi na mtoto mapajani. Walizungumza juu ya mvua tu. Tulipofika mbali akaniambia kwamba yule anaitwa Eliane, naye alikuwa chupa ya tisa. Damu ya barafu ilimpa mia mbili tisini na moja, namba ya kuambiwa arudi baada ya miezi sita. Ile ya kitenge, mia moja themanini na nane.

"Wakati ule sikumjua," akasema. "Hata sasa hanikumbuki. Mimi kwake ni mama anayependa nyanya ngumu."