Mkono wa Sweta

Wifi yangu ndiye aliyenivuta kwenda Homa Bay kwenye maonyesho ya wachora tatuu. Yeye alitaka kuchorwa. Mimi nilitaka tu kutoka Rongo siku moja. Nyumbani tulisema tunaenda kununua samaki, maana mama mkwe angesikia neno tatuu angeitisha maombi.

Ukumbi ulikuwa na joto, lakini sikuvua sweta. Mikono mirefu naivaa kila mahali, kanisani, sokoni, hata ziwani. Nikiwa mtoto niliangukia sufuria ya uji, na ngozi ya mkono wangu wa kushoto ikapona vibaya, imejikunja kutoka begani hadi karibu na kiganja. Mume wangu ameiona. Wifi hakuwahi.

Mchoraji wake, mwanamke kijana kutoka Kisumu, alimnyoa mkono, akaupangusa kwa spiriti, akabandika karatasi yenye mchoro. Alipoibandua, ua lilibaki kwenye ngozi. Akavaa glavu mpya akaanza, anachora kidogo, anapangusa wino na damu, anachora tena. Aliponiona natiririka jasho aliniambia nivue sweta. Nikasema nina homa.

Kwenye kiti cha jirani alilala mwanamke wa rika langu, bega wazi, na bega lile lilikuwa limeungua. Mchoraji wake alikuwa akichora majani juu ya kovu, polepole, kwa sababu alisema ngozi ya kovu haishiki wino sawasawa. Nilisogea. Nilikodoa macho mpaka yule mwanamke akageuza kichwa.

"Karibu uangalie vizuri, dada," akasema. "Ni mafuta ya kukaangia samaki. Nilikuwa nauza kule Sori."

Hakuwa na hasira. Kisha macho yake yakashuka kwenye mkono wangu, pale sweta ilipokuwa imepanda kidogo.

"Na wewe, ulichomwa na nini?"

"Mimi sijaungua," nikasema, nikaivuta sweta hadi vidoleni.

Alirudisha uso ukutani na mashine ikaendelea. Wifi alikuwa amesikia kila neno. Uso ulinichoma. Mtu alikuwa amenieleza yake bila kuombwa, nami nikamdanganya akinitazama.

Nilitoka nje. Wifi alinifuata baadaye, mkono wake umefungwa nailoni, akakaa karibu nami penye kivuli cha hema la soda. Nikaipandisha sweta mwenyewe hadi kiwikoni. Akaigusa ile ngozi kama mtu anayempima mtoto joto.

"Miaka yote hii nilidhani unasikia baridi," akasema.

Watu wawili walikuja kununua soda. Kabla hawajafika nilishaishusha sweta.

Nilirudi hadi mlangoni, nimekusudia kumwambia yule mwanamke kwamba ni uji. Alikuwa bado amelala pale, watu wamemzunguka, anacheka na mchoraji wake. Nilisimama kidogo. Halafu nikarudi kwa wifi nikamwambia twende, samaki wataisha.