Mchanga wa Jumapili Iliyopita

Nimezaliwa kando ya Ziwa Nyasa, na hilo nusura liniharibie siku niliyoingojea kuliko zote. Kwetu kulikuwa na taa juu ya mwamba, ya kuongoza meli. Kila jioni niliiona ikiwaka ng'ambo ya maji, na kila nilipoomba kupelekwa nilifukuzwa kama kuku. Nilipokuja Dar es Salaam kutafuta kazi na kusikia kuna minara ya taa huku pwani, nilijiapia kwamba safari hii nitapanda mmoja, niione taa yenyewe kwa karibu.

Bahati ilikuja kupitia jirani yangu wa Temeke, fundi cherehani, mzaliwa wa papo hapo, mtu wa mizaha toka asubuhi hadi jioni. Mjomba wake alikuwa mlinzi wa mnara ulioko rasini, kusini ya Kigamboni. Jirani alituombea, na jibu likaja: njooni Jumapili, Mzungu wa ukaguzi hayupo. Ila ikifika saa kumi mlango unafungwa, maana ndipo mlinzi anapoanza kuiandaa taa, na hapo hataki mtu.

Nikaanza kupanga. Niseme ukweli, mimi nikipanga jambo huwa kama mgonjwa. Kupiga chapa, ndiyo kazi niliyoipata mjini, nilijifundisha mwenyewe, kwa kitabu kisicho na jalada, na mpaka leo herufi moja ikienda upande narudia karatasi nzima, kwa hofu kwamba atatokea msomi aulize, "Huyu alifundishwa na nani?" Kwa hiyo safari yetu niliijaribu kabla. Jumapili iliyotangulia nilivuka peke yangu na baiskeli, nikakuta ufukweni mchanga mpana, mgumu, umelowa, mzuri kuliko barabara yoyote ya mjini. Saa nne ya asubuhi magurudumu yalikuwa yakiteleza yenyewe. Nilirudi nikiimba. Jirani aliponiuliza tutapita wapi, nilimjibu kwa maringo, "Njia niachie mimi."

Siku ilipofika tulivuka mapema. Kivukoni nilikagua matairi ya baiskeli zote mbili mpaka wenye matenga ya kuku wakaanza kutucheka. Upande wa pili, palipo wazi, tuliuona mnara wa kwanza, mweupe, umesimama kisiwani katikati ya bahari. Hatukuwa na chombo cha kutufikisha, lakini nilisimama nikaupungia mkono kama mtoto. Mmoja nimeuona, sasa twende tukaupande wa pili!

Tukashuka kwa kasi kwenda ufukweni, mimi mbele. Nikafunga breki ghafla.

Bahari ilikuwa imefika mpaka kwenye mizizi ya minazi.

"Barabara iko wapi?" nilisema.

"Barabara gani?"

"Ya mchanga! Jumapili iliyopita ilikuwa hapa. Saa hii hii."

Jirani alinitazama, akaitazama bahari, akailaza baiskeli chini na kucheka mpaka akakaa kitako. "Ewe mtu wa bara! Jumapili ile mwezi ulikuwa mpevu, maji yalikupwa asubuhi. Leo mwezi umebaki nusu, asubuhi yamejaa. Kwani kwenu ziwani maji hayatoki kwenda matembezi?"

"Kwetu maji yanakaa mahali pake," nilimjibu kwa hasira. "Mbona hukuniambia?"

"Si ulisema njia nikuachie wewe? Mie nikadhani tunapita ya juu."

Tukaijaribu hiyo ya juu, katikati ya minazi. Mchanga wake ulikuwa kama unga. Baiskeli zilizama, tukasukuma, tukatoka jasho, na tulipogeuka bado tuliona tulipoanzia.

"Tungoje," alisema jirani. "Maji yatatoka."

"Lini?"

"Yakichoka."

Sijawahi kuteseka kama katika kungoja kule. Saa kumi ilikuwa inatufuata, na mimi nilikuwa nimekaa chini ya mvinje siwezi kufanya lolote. Nikaanza kufungua breki za baiskeli yangu nizisafishe, kisha mnyororo, kisha nikaigeukia ya mwenzangu.

"Endelea hivyo hivyo," alisema amelala chali, kofia usoni. "Utaifungua mpaka ibaki kengele."

Wanawake wawili waliobeba makuti walipita, wakauliza tunangoja nini. Jirani akawaeleza kwamba mwenzake amepoteza barabara baharini. "Mwambie ayakemee maji," mmoja alisema. "Pengine yanaogopa watu wa bara." Walikwenda wakicheka, na mimi, nakiri, niliyatazama yale maji kwa jicho kali, nisionekane na mtu.

Ndipo nikaona mstari mweusi wa unyevu kwenye mchanga. Nikadhani macho yananidanganya. Nikachomeka kijiti ukingoni mwa wimbi. Nilipotazama tena kijiti kilikuwa mahali pakavu.

"Yanaondoka!" nilipiga kelele. "Amka, yanaondoka!"

"Sasa unaniambia mimi?"

Hatukungoja barabara ipanuke. Tulipanda kwenye utepe mwembamba wa mchanga, mimi nyuma ya jirani, maji yakiturukia miguuni, kaa wakikimbilia mashimoni mbele yetu. Kila tulivyokwenda bahari ilirudi nyuma kidogo kutupisha. Niliimba tena! Niliimba wimbo wa kwetu kwa sauti ya juu kabisa, na jirani, asiyejua neno hata moja, akaitikia.

Mjomba wake alikuwa amesimama mlangoni mwa mnara, ufunguo mkononi.

"Shikamoo, mjomba!"

"Marahaba. Mmekuja na baiskeli au na kobe? Haya, pandeni upesi."

Ngazi zilizunguka, kichwa nacho kikazunguka. Na juu, ndani ya chumba cha vioo, ilikuwapo: taa. Niliisogelea polepole. Mjomba alinipa kitambaa. "Shika, futa. Lakini usiguse kwa mkono."

Nilifuta kioo cha taa, nikarudia, nikataka kurudia tena. "Basi, mwanangu," alisema, "kimeshajua kwamba unakipenda." Nikageuka kushuka, mguu ukateleza, na nikajizuia kwa kidole gumba, papo hapo kwenye kioo. Mjomba alikuwa ameshatangulia ngazini, akituita. Mlango ukafungwa nyuma yetu.

Tuliporudi mchanga ulikuwa mpana kuliko nilivyouota. Jua lilipozama, taa ikawaka nyuma yetu. Mimi nilikuwa nageuka kila mara.

"Unatafuta nini?" jirani aliuliza.

Nikamwambia habari ya kidole.

Alikaribia kuanguka kwa kicheko. "Mungu wangu! Usiku huu meli zote zitaona kidole chako, zigeuze zirudi Bombei!"

Nilicheka naye. Kisha nikageuka tena kutazama.