Pua ya Mwonjaji

Mwonjaji wa ushirika wetu wa mvinyo hapa Toro ananichosha. Kila pipa huchota kidogo, huzamisha pua kwenye glasi, hufumba macho, huonja, hutema, kisha husema, "Bado." Wanunuzi wametoka mjini Zamora, wanasubiri, yeye bado! Jana uvumilivu uliniisha, nikamchotea kwenye pipa lililoingia ukungu, linalonuka kama gunia bovu. Akanusa taratibu.

"Bado kidogo. Utakaa sawa."

"Mzee, unanitania?"

Vidole vyake vyenye madoa ya zabibu vikaifunika glasi. "Nieves, mwanangu, tangu ile homa ya Januari sisikii harufu yoyote."

Miezi minane ya "bado"! Nilimnyang'anya glasi, nikachota kwenye pipa jema, nikanusa kwa hasira. "Huu wa mizabibu mikongwe ya mchangani. Zabibu mbivu, ngozi, pilipili manga."

Alinisikiliza kama mtu anayesomewa barua ya nyumbani.