Asubuhi Niliyomkana Shangazi Cherono

Nyumba ya Shangazi Cherono ilinukia uji wa wimbi uliotiwa asali. Ilikuwa ghorofa ya tatu, mtaa wa Castle Vale, na kila Jumamosi asubuhi harufu hiyo ilitupokea ngazini kabla yeye hajafungua mlango. Hakuwa shangazi yangu wa damu. Alikuwa muuguzi, Mwogiek kama sisi, na alikuwa amejitwika kazi ya kuwalea kimila watoto wa kwetu waliokuja Birmingham kusoma. Mwaka ule tulikuwa watatu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimetoka Kenya, pembezoni mwa msitu wa Mau, kumfuata baba, aliyekuwa akitunza wazee katika kituo kimoja. Kabla ya kugusa kikombe, kila mmoja wetu alitaja jina lake, ukoo wake na kilima alichozaliwa babu yake. Ndipo tulipofungua vitabu vya hesabu, kisha tukajifunza njia za mabasi. "Mwacha mila ni mtumwa," alizoea kusema, "lakini asiyelijua basi lake atachelewa shule."

Muhula wa pili nilipata adhabu. Mwalimu alinisemesha nami nikainamisha macho, kama nilivyolelewa kufanya mbele ya mkubwa. Yeye akaona ni kiburi, akawa ananikalisha peke yangu kila saa ya chakula. Shangazi aliposikia hakungoja. Alikuja shuleni asubuhi akitokea kazini, sare ya uuguzi mwilini, shanga za kwetu shingoni, akaniita kwa lugha yetu kutoka mwisho wa ukumbi, kwa sauti ya watu wanaoitana msituni.

Nilikuwa na wasichana wawili ambao ndiyo kwanza walikuwa wameanza kunikaribisha. Mmoja akauliza, "Ni mama yako?"

"Simjui," nikajibu kwa Kiingereza. "Labda amekosea shule."

Alisikia. Alinitazama kidogo, kisha akaingia kwa mwalimu. Mlango haukufungwa, nilimsikia akieleza taratibu: "Kwetu mtoto huinamisha macho kwa heshima. Huyu ana adabu nyingi sana." Adhabu ikafutwa siku hiyohiyo. Asante ya punda ni mateke: Jumamosi iliyofuata sikwenda Castle Vale, wala ile ya baada yake. Nilimwambia baba naumwa tumbo. Mwishowe Shangazi alirudi Kenya kumuuguza mama yake, nami sikumuaga.

Mwaka jana nilipata namba yake, nikapiga, nikaomba radhi. Akacheka. "Siku hiyo siikumbuki, mwanangu. Nakumbuka tu kwamba mwalimu aliondoa adhabu." Mpaka leo sijui kama kweli alisahau au alinisitiri kwa mara ya pili.

Sasa naishi Aston, mtaa mwingine wa Birmingham, na watoto wanaotoka kwetu kuja kusoma hunijia mimi. Shule zimebadilika kidogo; walimu wengine huuliza kabla ya kuadhibu. Wiki iliyopita niliitwa shuleni kueleza habari za msichana mmoja aliyefika juzijuzi. Alinikuta mlangoni akiwa na wenzake, akanishika mkono, akawaambia bila kusita: "Huyu ni shangazi yangu." Maneno manne tu. Mimi, asubuhi ile, yalinishinda.