Mlaso wa Anjela na Macho ya Neema

Naikumbuka vizuri siku aliyochinjiwa mbuzi Anjela, mke wa shemeji yangu, kule nyumbani Old Moshi. Tulijifungua mwezi mmoja. Mtoto wake alitimiza miezi, akazaliwa mnene. Neema wangu alikuja kabla ya wakati, mapafu hayajakomaa, akawekewa oksijeni wiki kadhaa hospitalini mjini. Anjela wakati huo amekaa ndani, anapikiwa mtori wa ndizi na nyama, ananawiri. Nilimwonea wivu, mwanangu, wivu wa kukosa usingizi.

Tuliporuhusiwa nikasema sasa ni zamu yangu. Na mimi ni mzazi, nikae ndani miezi yangu, nifunikwe blanketi, niletewe mlaso wa moto, ile supu ya damu ya mbuzi. Lakini nesi alikuwa amenipa siku ya kumrudisha mtoto apimwe macho. Alinieleza kwamba hewa ileile iliyomsaidia kupumua, hasa ikizidi, inaweza kuvuruga mishipa midogo nyuma ya jicho la njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati. Siku yenyewe ikaangukia siku ileile ya mbuzi wa Anjela.

Nikamwangalia Neema: macho maangavu, hana hata tongotongo. Nikakataa kwenda. Nikamwambia mama mkwe kwamba mzazi hatoki nje, na kwamba nikishuka mjini Anjela atakula fungu langu.

Mama mkwe aliinuka pale alipokuwa akimchuna mbuzi. Alinawa damu mikononi, akajifunga kitenge chake cha kanisani.

"Baki na wivu wako," akaniambia. "Mtoto nipe mimi."

Nikamfuata nalia, huku harufu ya supu ikinifuata mpaka barabarani. Daktari alipomchunguza mtoto akasema mishipa imeanza kuota ovyo. Ningemaliza kwanza miezi yangu ya kukaa ndani, angepofuka. Wakamtibu kwa leza.

Basi wewe uliyejaliwa njiti, oksijeni usiikatae, ndiyo uhai wake. Ila uliza macho yatapimwa lini, na siku hiyo utoke, hata kama wenzako wanapakuliwa. Usingoje kuona dalili. Sisi akina mama hatuzioni, anaziona daktari.

Wivu wangu haujaisha, nisikudanganye. Anjela bado hunikumbusha mlaso ule ulivyokuwa mtamu. Lakini jana Neema alikaa mlangoni akinichagulia mchele, na sikukuta jiwe hata moja.

Mungu akutunzie mtoto wako, mwanangu, na wewe uje uchaguliwe mchele.